Mwongozo kamili: kupima na kuwasha umeme wa jengo kubwa hapa Goma, kuanzia tere (waya wa ardhini) mpaka makaratasi

Huu mwongozo ni wa fundi ao injenia mwenye amepewa jengo kubwa hapa Goma, iwe hospitali, hoteli ya etaji, depo, ao kiwanda, kable zimeshavutwa, tablo zimeshafungwa, na patro (mwenye jengo) anasimama hapo anauliza umeme utawaka lini. Jibu ni moja, utawaka vipimo vikiisha, na vipimo vina mpango wake. Kwanza unapima kila kitu bila umeme, kisha unaingiza umeme kidogo kidogo, tablo moja moja, kisha unapima tena umeme ukiwa ndani. Mtu akigeuza huo mpango, awashe kwanza ndiyo apime, kipimo cha kwanza cha ile instalasio kitakuwa mwili wa mtu. Ndiyo sababu naandika kirefu.

Kabla hujagusa kitu

Jengo kubwa la Goma mara nyingi linakula kwenye vyanzo vingi pamoja: laini ya SNEL ao ya Virunga Energies (kampuni za umeme), gurupu (jenereta) moja ao mbili, sola na betri zake. Kwa hiyo ukisema "nimekata" bado hujasema kitu, umekata nini? Orodhesha vyanzo vyote kwenye karatasi, kisha kwa kila kimoja fanya konsinyasio kamili, yaani kukata, kufunga na kuhakikisha hakuna umeme.

Fungua dijonktere (swichi inayojikata yenyewe) ao seksionere (swichi ya kutenganisha) mpaka uwe na hakika kontakti zimeachana. Tia kadena na kikaratasi chenye jina lako na saa uliyofunga, kila fundi kadena yake, na ufunguo unakaa mfukoni mwake, si kwa sentineli, si kwa shefu. Hakikisha ile kable ndiyo yenyewe, ifuate kwa macho mpaka mwisho, sababu etiketi nyingi ni za kukisia. Sasa pima kama hakuna volti: chukua testa ya ncha mbili, ijaribu kwanza mahali unajua umeme uko, pima pale unataka kufanya kazi, fazi kwa fazi, fazi kwa nyutro, fazi kwa tere, kisha rudi uijaribu tena pale penye umeme. Hii ya kurudi watu wengi wanaiacha, na ndiyo inakuambia kama testa haikufa katikati ya kazi. Bisibisi yenye taa ndogo ndani usiiamini na maisha yako. Testa na waya zake ziwe na alama ya CAT III (daraja la kustahimili mapigo ya volti) kwa tablo za ndani, CAT IV kwa upande wa maingilio. Mwisho unafunga fazi zote pamoja na kuzipeleka kwenye tere, hasa kwa volti za kati na kable ndefu, na unafunika vyote vya karibu ambavyo bado viko na umeme.

Kondensa za kurekebisha cos fi (vifaa vinavyotunza umeme) na variatere (vidhibiti mwendo) za mota zinabaki na umeme hata ukishakata, ngoja angalau dakika 5 kisha upime, usikisie. Sola nayo, mchana haizimiki kabisa, mnyororo wa paneli unaweza kuwa na volti 600 mpaka 1000 za umeme wa moja kwa moja, na ukichomoa zile konekta za MC4 wakati mzigo unapita, cheche haizimi yenyewe, inaendelea kuwaka mkononi mwako. Simamisha ondulere (mashini inayogeuza umeme wa sola kuwa wa kawaida) kwanza.

Halafu mazuku. Kila mtu wa Goma anayajua, gesi ya kaboniki inatoka chini ya lava, ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, inalala kwenye mashimo. Na kazi yetu ni ya mashimo: chemba za kable, kave (chumba cha chini) ya transfo (transfoma), shimo la tere, zaidi upande wa ziwa na njia ya Sake. Shusha kwanza kipima gesi kwa kamba, peperusha hewa na ventilatere, mmoja anabaki juu siku zote. Usipime na kiberiti, shimoni kunaweza kuwa na mvuke wa mazutu ao petroli. Na mwenzako akianguka chini, usiruke kumfuata, vuta kwa kamba aliyofungwa nayo, ile kamba afungwe kabla ya kushuka.

Mtu akipigwa na umeme: kata kwanza, ndiyo umguse. Kama hapumui na haamki, bonyeza kifua mara 30, pumzi 2, kwa mwendo wa 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Timu yote iwe imejifunza hii kabla ya siku ya kuwasha.

Macho na material

Chukua skema unifileri (mchoro wa umeme wa jengo) utembee nayo jengo lote. Unalinganisha ukubwa wa kable na dijonktere inayoilinda, unaangalia rangi (kijani na manjano ni tere tu, buluu ni nyutro), unaangalia kama matundu ya tablo yamezibwa panya asiingie. Vifungo vya baa na kable unavikaza na ufunguo wa torki kwa namba ya mwenye kutengeneza ile tablo, kisha unapiga mstari wa rangi juu ya bolti na chuma, siku ingine ukiona mstari umekatika unajua imelegea.

Hapo kuna kitu kinaniuma sana, kable bandia. Sokoni kuna rula (viringo vya kable) zinauzwa kama shaba, ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwa macho huoni, lakini kipimo kinaona. Shaba ya 2.5 mm² haipaswi kupita omu 7.41 kwa kilomita, maana yake rula ya mita 100 inatoa kama omu 0.74 kwa joto la nyuzi 20. Ile ya bandia itakupa omu 1.1 ao zaidi. Ya 1.5 mm² ni omu 12.1 kwa kilomita, ya 4 ni 4.61, ya 6 ni 3.08, ya 10 ni 1.83. Pima kila rula ikifika shantie (mahali pa ujenzi), kabla haijaingia ukutani, na utumie mashini ya omu ndogo, ile multimetri ya kawaida inadanganya chini ya omu 1. Kwaruza pia ncha na kisu, ukiona weupe ndani, rudisha.

Tere, na hapa tukae kidogo

Goma imejengwa juu ya lava. Nyiragongo ilimwaga mwaka wa 2002 ikapita katikati ya mji, ikamwaga tena mwezi wa tano 2021, na chini ya hayo yote kuna lava za zamani. Jiwe la lava halipitishi umeme kama udongo wa shamba. Hesabu yake ni rahisi: piketi moja (fimbo ya chuma ya tere) iliyosimama inatoa karibu ro ukigawa kwa urefu wake, na waya uliolazwa chini unatoa karibu mara mbili ya ro ukigawa kwa urefu wake. Ro ni rezistiviti ya ardhi. Udongo mweusi wenye maji unaweza kuwa na omu-mita 50, jiwe la lava linaweza kupita 1000. Sasa weka 1000: piketi ya mita 2 inakupa kama omu 500. Waya wa shaba tupu wa mita 100 uliozunguka msingi wa jengo unakupa kama omu 20. Umeona tofauti? Kupigilia piketi moja nyuma ya nyumba na kusema tere iko, hapa kwetu ni kujidanganya.

Kama jengo bado liko msingi, laza waya wa shaba tupu wa 25 mm² kuzunguka msingi wote, chini kabisa, kwenye udongo si kwenye kokoto, ufunge na vyuma vya betoni. Kama jengo limeshaisha, tafuta mahali penye udongo mzito, chimba mtaro mrefu, ulete udongo mzuri ao bentonite ujaze, uunganishe piketi nyingi zenye umbali kati yao angalau mara mbili ya urefu wake. Usitie chumvi, inashusha omu kwa miezi kadhaa kisha inakula shaba.

Kupima: kata umeme wote wa jengo KWANZA, ndiyo ufungue bareti ya tere (kiungo kinachotenganisha tere na jengo), ukiifungua jengo likiwa na umeme unaacha watu wote bila ulinzi na wewe mwenyewe unaweza kupigwa pale. Unganisha telurometri (mashini ya kupima tere), piketi ya umeme unaipeleka mbali, piketi ya volti unaiweka kwenye asilimia 62 ya huo umbali. Pima, kisha isogeze mbele asilimia 10 upime, isogeze nyuma asilimia 10 upime. Namba tatu zikikaribiana, kipimo ni cha kweli. Zikiachana sana, piketi ya mbali iko karibu mno, na kwa tere kubwa ya kuzunguka jengo inapaswa kwenda mbali sana, mara kadhaa ya mlalo wa jengo. Kwenye lava piketi za kipimo haziingii, basi laza bamba la chuma juu ya jiwe, chini yake weka matambara yaliyoloa maji ya chumvi (hii ni ya kipimo tu, hapa chumvi si shida), inafanya kazi vizuri.

Namba gani inakubalika? Kama unalishwa na laini ya volti ndogo na una tere yako mwenyewe, ile tunaita TT, sheria ni hii: omu za tere mara amperi za diferansieli (kifaa kinachokata umeme unapovuja) zisipite volti 50. Kwa diferansieli ya miliamperi 30 hesabu inaruhusu mpaka omu 1666, kwa 300 ni 166, kwa 500 ni 100. Kuna watu wanashika hiyo 1666 wanalala usingizi. Mimi siikubali kwa jengo kubwa, juu kiangazi kinapandisha namba, na juu ya radi. Sehemu ya Kabare, kule upande wa Bukavu, setilaiti zimehesabu radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka, ni kati ya sehemu za kwanza duniani nzima. Kivu si mahali pa kufanya tere ya kubahatisha. Tafuta chini ya omu 10, weka parafudri (kinga ya radi) kwenye tablo kubwa, na waya wake wote pamoja usipite nusu mita, ukiuzungusha unaua kazi yake.

Vipimo bila umeme

Muendelezo wa waya wa tere: kutoka baa kubwa ya tere mpaka kila prizi, kila mwili wa mota, bomba la maji, chuma cha asansea, njia za kable. Mashini itoe angalau miliamperi 200, na waya zake uzitoe kwenye hesabu kwanza. Usitafute "inapiga bip", tafuta namba. Mita 50 za 6 mm² zinapaswa kutoa karibu omu 0.15, ukipata 0.9 kuna kifungo kimelegea njiani, kitafute leo.

Izolasio (kama waya hazivujishi umeme): toa kwanza ondulere, variatere, taa za LED, parafudri, kila kitu chenye elektroniki, ama utavichoma. Kwa sakiti za volti 230/400 unapima na volti 500, kiwango cha chini ni megaomu 1. Kama parafudri haiwezi kutoka, shuka mpaka volti 250 lakini ile megaomu 1 inabaki. Kable mpya nzuri inatoa mamia ya megaomu, kwa hiyo ukipata 2 kwenye jengo jipya usishangilie kwamba imepita, kuna maji ao msumari mahali. Mtu asimame upande mwingine wa kable wakati wa kupima, sababu kule pia kuna volti 500, na ukimaliza ondoa umeme uliobaki kwenye kable. Mota kubwa upime dakika 1 na dakika 10, gawa ya 10 kwa ya 1, ikiwa chini ya 2 kuna unyevu, ikaushe.

Sasa hapa fungua macho. Ili kupima izolasio unafunguaka nyutro. Ukiisahau wazi kwenye tablo ya fazi tatu, siku ya kuwasha vifaa vya 230 vitakula volti zinazokaribia 400, na televizyo, frigo, mashini za hospitali zitakufa kwa sekunde. Andika kila nyutro uliyofungua, na mtu mwingine, si wewe, aihakikishe imerudi na imekazwa.

Transfo na kable za volti za kati ni kazi ya timu yenye ruhusa, pamoja na mwenye laini. Lakini wewe uulize vipimo: uwiano wa mizunguko usiachane zaidi ya asilimia 0.5, izolasio, mafuta, rele ya Buchholz (inayogundua hitilafu ndani ya transfo) iwe imejaribiwa mpaka ifungue kweli dijonktere. Kable ya XLPE (yenye ganda la plastiki) wasiipime na umeme mkubwa wa moja kwa moja, watumie mashini ya 0.1 Hz. Na uliza swali la urefu: Goma iko kwenye kama mita 1500 juu ya bahari, na vifaa vya volti za kati kwa kawaida vimehesabiwa mpaka mita 1000, hapa izolasio ya nje inataka nyongeza ya kama asilimia 6. Gurupu nalo linapoteza nguvu kwa hewa nyepesi, ile kVA iliyoandikwa kwenye bamba uilinganishe na jedwali la mwenye kulitengeneza.

Siku ya kuwasha

Watu wote nje ya vyumba vya tablo isipokuwa timu, mmoja tu anatoa amri, na kila amri inarudiwa kwa sauti kabla ya kufanywa. Dijonktere zote ziwe chini. Pima upande wa maingilio: fazi kwa fazi karibu 400, fazi kwa nyutro karibu 230, zote tatu zilingane. Nyutro kwa tere iwe karibu na sifuri, ukipata volti 20 ao 30 simama, usiendelee. Angalia mzunguko wa fazi. Transfo mpya iache bila mzigo siku moja ukiisikiliza, kisha pandisha dijonktere kubwa, kisha tablo moja, pima, kisha ingine. Usipandishe mbili pamoja hata kama patro ana haraka.

Diferansieli zipime zote na mashini, kile kitufe cha testi hakitoshi, hakiangalii tere. Ya 30 mA isianguke kwa 15, ianguke ndani ya milisekunde 300 kwa 30, na ndani ya 40 kwa 150. Dijonktere bandia hapa ndipo zinajionyesha, kuna zingine ndani hakuna kitu cha kuangusha, zitoe zote za aina hiyo si ile moja tu.

Kama jengo lina transfo yake na nyutro imeungwa na tere ileile, ile TN, pima impedansi (ukinzani wa njia yote ya umeme) ya sakiti mpaka mwisho wa kila laini ndefu. Mfano dijonktere C32 (aina C ya amperi 32): inahitaji mpaka amperi 320 ili ianguke hapohapo, 230 gawa kwa 320 ni omu 0.72. Ukipima 1.1 kule mwisho, siku fazi itagusa chuma dijonktere itasita, na chuma kitabaki na umeme. Ongeza ukubwa wa kable ao weka diferansieli.

Gurupu: inversere (swichi ya kuhama kati ya laini na gurupu) iwe na kizuizi cha chuma, si cha umeme peke yake, vyanzo viwili visikutane. Umeme wa gurupu ukirudi kwenye laini, unapita kwenye transfo kwa upande wa pili na unamuua fundi wa laini aliye juu ya nguzo akijua imekatwa. Hili halina majadiliano. Hakikisha nyutro ya gurupu iko na tere wakati linalisha, ama diferansieli zako zote zinakuwa mapambo. Mzunguko wa fazi wa gurupu ulingane na wa laini, kama sivyo pampu zitazunguka kinyume kila umeme ukienda. Kisha kata laini kwa kweli, na mzigo wote ndani, hesabu sekunde mpaka gurupu lichukue, na uliache lizunguke na mzigo saa kadhaa.

Hospitali inaongeza: chumba cha upasuaji kiwe na transfo yake ya kutenganisha na kipima izolasio chenye kengele, nacho kilie izolasio ikishuka kabla haijapita chini ya kilo-omu 50. Ijaribu na daktari na manesi wakiwa pale, wajue hiyo kengele maana yake nini na nani wa kuitwa. Taa za dharura zikatie umeme uone kama zinadumu saa iliyoandikwa.

Wiki za kwanza na makaratasi

Jengo likishabeba mzigo wa kweli, pita na kamera ya joto kwenye kila tablo. Linganisha fazi kwa fazi, kifungo kimoja chenye moto zaidi ya wenzake kwa mzigo uleule kimelegea. Pima amperi za nyutro pia, majengo yenye LED na kompyuta nyingi yanaweza kuijaza.

Prosè verbali (ripoti) ya kukabidhi isiwe ukurasa mmoja wa "sawa, sawa, sawa". Iwe na namba: omu za tere na tarehe, hali ya hewa siku hiyo, megaomu za kila sakiti, milisekunde za kila diferansieli, mashini gani ilitumika. Skema iliyosahihishwa jinsi kazi ilivyofanyika kweli, nakala moja ndani ya mlango wa tablo kubwa. Kaa na fundi wa nyumba, mfundishe kukata vyanzo vyote, akufanyie yeye mwenyewe mbele yako mpaka ashike.

Na kama ulipima tere wakati wa mvua, hiyo namba ni nusu ya habari. Andika kwenye prosè verbali kwamba utarudi mwezi wa saba, kiangazi kikishakauka, na patro atie sahihi kwamba atakufungulia na kukata umeme upime tena. Ukikuta imepanda mpaka diferansieli ya tablo kubwa haiko tena chini ya ile hesabu ya volti 50, weka diferansieli ya miliamperi ndogo zaidi siku hiyohiyo, kisha ndiyo mjadili mtaro mpya.